Asubuhi ya mawingu usirudi kulala: jinsi ya kuangalia na kupiga picha ndege Ziwa Duluti

Watu wa Arusha, Tengeru, Usa River mpaka Moshi mnaijua hii hali. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane unafungua mlango asubuhi unakuta Meru haupo, mlima mzima wa mita 4,566 umemezwa na wingu, baridi inauma vidole, na yule mliyepanga naye mkapige picha ndege anatuma meseji "leo hali mbaya tuahirishe". Nawaomba sana msiahirishe. Kama lenzi yako ni ya kawaida na una hamu ya kumjua ndege vizuri, asubuhi ya wingu ina faida kuliko asubuhi ya jua kali, ila lazima ubadilishe namna ya kufanya kazi, maana ukienda na seti zako za siku ya jua utarudi na picha zimetikisika zote na ndege weusi tii kwenye anga jeupe alafu utalaumu wingu bure.

Natumia Ziwa Duluti kama mfano kwa sababu panafikika kwa daladala, ziwa ni dogo lipo ndani ya kreta ya volkano ya zamani, msitu umelizunguka na kuna njia ya miguu inayofuata ukingo. Kwa hiyo sehemu moja unapata ndege wa maji na ndege wa msituni bila kuhitaji gari. Ila haya nayosema yanafanya kazi popote penye asubuhi za wingu, uwe Lushoto, Njombe, Limuru au Kabale.

Kwanza elewa wingu linakufanyia nini

Jua la huku kwetu likishapanda, tuseme kuanzia saa tatu, linapiga kutoka juu. Ndege anakuwa na mgongo uliong'aa mpaka manyoya hayaonekani, tumbo jeusi, na jicho limepotea kwenye kivuli. Wingu linachukua huo mwanga linautandaza, unamfikia ndege kutoka pande zote, vivuli vinalainika. Mfikirie furukombe, yule tai anayevua samaki, kichwa na kifua cheupe pee, mabawa meusi, tumbo la rangi ya kahawia nyekundu. Kwenye jua kali kamera haiwezi kubeba vyote, ama cheupe kiungue ama cheusi kizame. Chini ya wingu unaona unyoya mmoja mmoja kichwani kwake. Hivyo hivyo kwa mdiria, ndege mvuvi wa samaki, yule mweusi na mweupe anayening'inia hewani juu ya maji, na kwa yangeyange, na kwa hondohondo mkubwa mweusi mwenye mgongo mweupe.

Alafu ndege wenyewe wanabadilika tabia. Siku ya jua wanakula asubuhi mapema, joto likianza wanaingia kwenye majani wananyamaza. Siku ya wingu joto linachelewa kwa hiyo wanaendelea kuhangaika mpaka saa nne, hata saa tano. Na wale wakubwa wanaopaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, yaani tai na tumbusi na wenzao, asubuhi ya wingu hiyo hewa haipo, kwa hiyo wanakaa tu juu ya mti wanasubiri. Furukombe wa Duluti siku kama hiyo anaweza kukaa kwenye tawi lile lile muda mrefu kabisa, we unachohitaji ni kutomshtua.

Hasara ni moja na ni kubwa, mwanga umepungua. Wingu zito linakuachia kama moja ya nane ya mwanga wa jua kamili, na ukiingia chini ya miti unapungua tena na tena. Karibu kila kitu kinachofuata hapa ni namna ya kuishi na huo upungufu.

Hatua ya 1: usiku wa kuamkia safari

Chaji betri mpaka ijae na kama una ya pili ibebe, baridi inazimaliza haraka. Futa memori kadi baada ya kuhakikisha picha za nyuma ziko salama kwingine.

Darubini. Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaruka wanakimbilia kamera, na kiukweli kama hela inatosha kitu kimoja tu nunua darubini kwanza. Zile namba mbili zilizoandikwa ubavuni, mfano 8x42, ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la mwanga unaofika kwenye jicho lako. 8x42 inatoa milimita 5.25, wakati zile ndogo za mfukoni 8x25 zinatoa milimita 3 na kidogo. Jua likiwaka huoni tofauti maana mboni yako imejifunga, ila asubuhi ya giza giza mboni imefunguka na hapo ile ndogo inakupa ndege wa kijivu na ile kubwa inakupa ndege mwenye rangi. Usidanganywe na namba kubwa za kukuza, 20x50 ukiishika mkononi picha inacheza cheza na duara la mwanga ni milimita 2.5 tu.

Kwa kamera, lenzi ya kufika milimita 300 ni mwanzo mzuri, 400 mpaka 600 ni raha. Kamera za zumu ndefu zisizobadilishwa lenzi kama Nikon P950 zinafika mbali sana na watu wengi wa mwongozo wa watalii wanazitumia, ila sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kwa hiyo kwenye wingu chengachenga, yaani vile vidoa vidogo vidogo vinavyojaa kwenye picha, zinaonekana mapema, ukiwa nayo mkakati wako uwe kusogea karibu zaidi na usizumu mpaka mwisho. Una simu tu? Njoo hivyo hivyo. Weka lenzi ya simu kwenye jicho la darubini, izungushie vidole isipepesuke, na ndege mkubwa aliyetulia kama korongo au furukombe utampata wa kutambulika kabisa.

Nguo, vaa kijani, kahawia au kijivu, acha tisheti nyeupe nyumbani. Viatu vya kushika, njia ya Duluti ikilowa inateleza. Na mfuko wa plastiki mzito na rababendi mbili, kazi yake naisema mbele.

Hatua ya 2: kufika kwa wakati

Julai jua la Arusha linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Siku ya wingu usitegemee mwanga wa kupiga picha kabla ya saa moja na robo hivi, ila masikio hayasubiri mwanga kwa hiyo mi napenda kuwa pale mapema kuliko hapo. Panda daladala za kuelekea Tengeru au Usa River, shuka Tengeru, kisha bodaboda au miguu mpaka getini. Msitu ni hifadhi ya serikali kwa hiyo kuna kiingilio, mtanzania na mgeni bei zao ni tofauti, beba kitambulisho. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru, asubuhi barabara inajaa watu na mizigo, ukiweza chagua siku nyingine, au wahi kabla soko halijachangamka.

Ukipita kwenye mashamba na migomba ya watu kabla ya kufika ziwani salimia. Mtu mwenye darubini na lenzi ndefu anachungulia kwenye miti karibu na nyumba za watu anatia wasiwasi, na ni haki yao kuwa na wasiwasi. "Shikamoo mzee, naomba kuangalia ndege kwenye mti wako ule" inatosha, na mara nyingi mzee mwenyewe ndo atakwambia bundi analala mti gani.

Hatua ya 3: dakika za mwanzo kamera ikae begani

Hii hatua naiheshimu kuliko zote. Fika ukingoni, simama sehemu moja ambapo mgongo wako una mti au kichaka, na usifanye chochote kwa robo saa. Sikiliza. Kwarara wanapita juu wanapiga kelele zao zile za ha-ha-hadada, hiyo huwezi kukosa. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona, mabawa yake yanavuma hewani akiruka, wanatoka walipolala wanaenda kwenye miti yenye matunda, kwa hiyo angalia wanakwenda upande gani na huko ndo utawakuta baadae wametulia wanakula. Furukombe akilia anatupa kichwa nyuma, geuza darubini kwenye miti mirefu iliyokauka matawi.

Kisha tazama maji kwa mpangilio, kuanzia kwenye matete ya karibu, polepole kwenda mbali, kila gogo, kila tawi lililoinama. Mnandi hupenda gogo lililotokeza majini. Fundichuma anasimama kwenye maji ya kina kifupi kimya kabisa unaweza kudhani ni kisiki. Mdiria mdogo mwenye mdomo mwekundu, yule wa bluu, anakaa chini sana kwenye tete karibu na maji, watu wengi wanamkosa kwa sababu wanaangalia juu. Na mdiria mkubwa kuliko wote naye yupo, dume ana kahawia nyekundu kifuani, jike anayo tumboni. Kwa yule mweusi na mweupe hesabu mikanda ya kifuani, dume ana miwili na jike ana mmoja ambao mara nyingi umekatika katikati. Mambo kama haya mwanga laini unakuonyesha vizuri sana, jua kali linayaficha.

Baada ya hiyo robo saa ndege wameshakuzoea, na we umeshajua nani anarudi tawi gani. Mdiria ana tabia ya kurudi kwenye tawi lake baada ya kuvua. Hapo sasa toa kamera, na huendi kumfukuza, unaenda kumsubiri pale anaporudi.

Hatua ya 4: seti za kamera

Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni pana na mwanga unaingia mwingi. Weka namba ya f ndogo kuliko zote lenzi yako inayoruhusu, 5.6 au 6.3 kwa lenzi nyingi za zumu, na uiache hapo asubuhi nzima. Hamna sababu ya kufunga lenzi kwenye giza.

Spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, 1/500 ni sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Ndege aliyetulia anza na 1/500. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko na umeegemea mti unaweza kushuka 1/250, hata 1/160 kwa ndege mkubwa asiyecheza, ila ndege wadogo vichwa vyao havitulii kwa hiyo wao usiwashushie sana. Anayeruka anataka 1/1600 kwenda juu, na hapo wingu linakubana kweli. Ushauri wangu asubuhi ya wingu zito weka nguvu kwa waliotulia, wanaoruka subiri wingu likipungua, ambapo huku mara nyingi inakuja saa nne au tano hivi.

ISO, au aiso kama wengi tunavyoita, yaani namba ya kuongeza nguvu ya kamera kwenye mwanga mdogo, ndo inayowatia watu hofu. Mtu amesoma mahali kwamba ISO ikizidi 800 picha inaharibika, basi anaibana hapo, spidi inashuka 1/60, picha nzima imetikisika. Picha yenye chengachenga unaweza kuisafisha na ukabaki na ndege, iliyotikisika hamna programu ya kuiponya vizuri. Achia ISO ipande, 1600, 3200, mpaka 6400 kwa kamera za miaka ya karibuni. Na kitu kingine watu hawaambiwi, ukipiga picha ya giza kwa ISO ndogo ukisema utaing'arisha nyumbani, ukiing'arisha mara nyingi chengachenga zinatoka nyingi kuliko kama ungepandisha ISO pale pale na kupata mwanga sahihi. Njia rahisi, weka kamera kwenye M, chagua mwenyewe f na spidi, ISO iache otomatiki na umwekee mpaka wa juu unaoukubali. Unabaki na gurudumu moja la kuchezea ambalo ni spidi.

Fokasi iwe ile ya kufuatilia, AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo au Servo kwa Canon. Kama kamera inatambua jicho la ndege iwashe, kama haitambui tumia nukta moja ndogo uiweke jichoni, hasa kwenye majani mengi maana kamera ikiachiwa ichague yenyewe itachagua jani. Piga mfululizo mfupi mfupi, picha nne tano kisha pumua, kwenye spidi ndogo mara nyingi kuna moja kati ya hizo imetoka kali na nyingine zimeyumba.

Rangi weka kwenye kile kialama cha wingu, inaondoa ule ubluu baridi wa asubuhi. Kama unapiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, hili unaweza kulirekebisha nyumbani bila hasara, na kwa mwanga huu napendekeza RAW kwa nguvu kabisa.

Kuegemea ni bure. Kiwiko kwenye gogo, bega kwenye mti, begi juu ya jiwe na lenzi juu ya begi. Monopodi, stendi ya mguu mmoja, inasaidia sana kwenye njia nyembamba kama ile ya Duluti, stendi ya miguu mitatu pale inakuwa mzigo na unawazibia njia wengine.

Hatua ya 5: kwepa anga jeupe

Kama ungechukua kitu kimoja tu kwenye maelezo yote haya basi iwe hiki. Siku ya wingu ndege ni mzuri, maji mazuri, majani mazuri, ila anga ni baya. Ndege juu ya tawi na nyuma yake anga jeupe, kamera inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, unapata kivuli cheusi chenye umbo la ndege.

Dawa ya kwanza ni kutompiga hapo. Sogea hatua chache kulia au kushoto mpaka nyuma yake pakae msitu au maji. Duluti inakusaidia sana kwa hili kwa sababu kuta za kreta zimepanda, ukisimama kwenye njia pale iliponyanyuka unakuwa sawa na ndege aliye kwenye mti ulioota chini karibu na maji, na nyuma yake ni ukuta wa msitu wa ng'ambo, kijani kilichoiva giza. Ndege mwenye mwanga laini mbele ya kijani kile anatoka kama amepigwa studio. Kwa wa majini fanya kinyume, shuka, chuchumaa, kamera ikaribie usawa wa maji, nyuma yake panakuwa maji ya ng'ambo yaliyobeba rangi ya msitu badala ya maji yaliyobeba weupe wa anga.

Dawa ya pili kama huna pa kusogea, tumia kile kitufe cha +/- ongeza mwanga, +1 mpaka +2. Anga litaungua liwe jeupe kabisa, liache liungue, cha muhimu ni ndege awe na rangi na jicho. Kumbuka kurudisha sifuri ukishamaliza. Kinyume chake yangeyange mweupe mbele ya msitu wa giza anahitaji upunguze kidogo, kama -0.7 kwenye kitufe hicho hicho, asiungue.

Hatua ya 6: kumsogelea

Usimwendee moja kwa moja. Tembea kwa mshazari kana kwamba unapita zako, simama, angalia pembeni, endelea. Ndege akinyoosha shingo, akinyanyua manyoya ya kichwa, akigeuka kuangalia pa kurukia, au akiacha kula, umeshafika kwenye mpaka wake, rudi hatua mbili na tulia hapo hapo. Akitulia naye umeruhusiwa.

Kuna watu wanapiga sauti ya ndege kwenye simu ili dume aje akidhani ni mpinzani. Nawasihi muache. Yule dume anaacha kula, anaacha kifaranga, anapigana na spika, na sehemu ndogo kama Duluti yenye wageni wengi anafanyiwa hivyo na kila anayepita. Kiota ndo kabisa, usikate majani ili lenzi ipate njia, hayo majani ndo yanayomficha kifaranga asionwe na kunguru na nyani na kenge. Hondohondo jike anaingia kwenye shimo la mti na mlango unazibwa kwa udongo ibaki nafasi nyembamba, anakaa humo na mayai na vifaranga muda wote analishwa na dume. Sasa we ukisimama chini ya mti huo masaa mawili unataka picha ya dume analeta tunda, dume haji, na waliomo ndani hawawezi kutoka kwenda kutafuta. Ukigundua mti kama huo piga kwa mbali haraka, ondoka.

Hatua ya 7: rangi zinadanganya, angalia umbo

Chini ya wingu baadhi ya rangi zinakufa na baadhi zinabaki, na kuna sababu. Chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua mwenye mdomo uliopinda, kijani na zambarau yake ya kung'aa haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, inatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa unavyorudisha mwanga kwa pembe fulani. Mwanga ukiwa hauna upande ule mng'ao unapotea na chozi dume anaweza kuonekana mweusi tu. Kwezi ni hivyo hivyo. Usikate tamaa naye na usimwandike ndege mwingine, angalia mdomo, angalia mkia, subiri ageuke. Shorobo ni tofauti. Yule wa misitu ya Meru, wa kijani mwenye mabawa mekundu, nyekundu yake na kijani yake ni rangi halisi zenye madini ya shaba ndani yake, kwa hiyo hata siku ya giza akifungua bawa ile nyekundu inawaka. Siku za wingu mi ndo namtafuta huyo.

Kwera na mnana, wale ndege wanaosuka viota, nao watakusumbua, maana nje ya msimu wa kujenga viota madume wengi wanapoteza ule unjano mkali wanafanana na majike. Yule kwera wa Taveta mwenye unjano wa dhahabu anapatikana eneo dogo tu la Kenya kusini na Tanzania kaskazini, na kwenye matete ya Duluti yupo, kwa hiyo chukua muda na kila kwera. Andika kwenye daftari kabla ya kufungua kitabu: ukubwa ukilinganisha na shorewanda au njiwa, umbo la mdomo, rangi ya jicho, rangi ya miguu, mkia mrefu au mfupi, alikuwa anafanya nini, alikuwa juu au chini. Tanzania ina spishi zaidi ya 1,100, ukianza na kitabu bila maelezo yako mwenyewe utajikuta unachagua picha inayopendeza. Na kama ni Julai usihangaike kutafuta wageni wa Ulaya na Asia, wengi wao wanaingia kuanzia Septemba na Oktoba na kuondoka Machi Aprili.

Manyunyu yakianza

Hapa ndo ule mfuko. Toboa pembe moja upitishe mdomo wa lenzi, funga kwa rababendi kwenye kofia ya lenzi, upande wa nyuma uache wazi upitishe mkono. Usipumulie kioo cha nyuma kwa baridi ile kitafanya ukungu. Manyunyu mepesi usikimbie, mbayuwayu wanashuka chini kabisa juu ya maji kwa sababu wadudu wameshuka, na keremkerem wanakaa wamebanana bega kwa bega kwenye tawi moja wakitafuta joto, hiyo picha siku ya jua hupati. Mvua ikiwa ya kweli ondoka, njia ile ikilowa na mteremko wa kwenda majini si pa kuchezea.

Kama una gari na bajeti ya kiingilio cha hifadhi, asubuhi ya wingu inafaa pia maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Maji ya magadi, heroe (flamingo) wakiwepo wanakuwa wengi na ile pinki yao chini ya wingu inatoka laini haijaungua. Pale piga ukiwa ndani ya gari, ndege hawaliogopi kama wanavyomwogopa mtu, zima injini kabisa maana mtetemo unaharibu picha kwenye spidi ndogo, na weka kimfuko cha kitambaa chenye mchele au maharage dirishani ulaze lenzi juu yake.

Hatua ya mwisho: nyumbani

Kausha vifaa kwa kitambaa, viache wazi mezani kwanza usivifungie kwenye begi na unyevu wake, fangasi kwenye lenzi inaanzia hapo. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye begi.

Picha zikague kwa kukuza jicho la ndege, jicho likiwa halijakaa kali futa, hata kama mengine yote yamependeza. Ondoa chengachenga kiasi, ukizidisha manyoya yanakuwa kama plastiki. Picha za wingu zinakuwa zimepoa kidogo kwa hiyo ongeza utofauti wa giza na mwanga, ila rangi usiivute sana, yule ni ndege halisi na kuna mtu ataitumia picha yako kumtambua wa kwake.

Alafu ingiza orodha yako yote kwenye eBird, mtandao wa kuhifadhi kumbukumbu za ndege walioonwa, ni bure, ipo tangu 2002 na inaendeshwa na Cornell Lab of Ornithology kule Marekani. Ingiza na wa kawaida wote, shorewanda, njiwa, kunguru, na idadi yake, siyo wale adimu tu, kwa sababu anayefuatilia kama ndege wa Duluti wanapungua au wanaongezeka anahitaji hao wa kawaida zaidi. Andika muda ulioanza, muda uliomaliza na umbali uliotembea. Ukiwa umeona kiota cha tai, bundi au hondohondo mahali pasipolindwa usiweke eneo kamili kwenye mitandao wala kwenye magrupu ya WhatsApp, na kabla hujapost picha angalia kama simu imebandika lokesheni ndani yake, kama imo iondoe.